Njia Iliyopimwa kwa Mtu Mfupi

Mimi ndiye niliyeandika uongo ule, na niliuandika kwa mwandiko mzuri. Ulikuwa karatasi moja tu, iliyobandikwa kwenye mlango wa shule yetu hapa Lusangi. Mstari wake wa kwanza ulisema kwamba njia ya mzunguko ya mwitu wa Katumpi ilifunguliwa na wapasua mbao, zamani za msumeno wa mikono miwili. Mstari wa pili ulitangaza kuwa Jumamosi kijiji kizima kitaenda salongo, ile kazi yetu ya pamoja, kusafisha njia hiyo na kukata vichaka vyote vilivyoota kandokando yake. Chini nilitia sahihi: Mwalimu Nathanaël, kwa niaba ya komite ya mwitu.

Jumanne mchana Mama Victorine alinifuata nyumbani akiwa na panga mkononi. Mke wangu anasema nilirudi nyuma hatua mbili. Mimi nakumbuka moja. Panga lilikuwa la shamba la mihogo alikotoka, lakini uso haukuwa wa mihogo. Nilimpa kiti, akakikataa. Aliomba nimsomee tangazo, nikamsomea. Akaomba nirudie, nikarudia, na safari hii sauti ilikuwa imenipungua. Akauliza habari hizo nilizipata kwa nani. Nikasema kwa Papa Mahamudu, mjumbe mwenzangu wa komite, aliyepasua mbao Katumpi miaka minane.

"Mwalimu," akasema, "njia ya mwongo iko fupi. Ya Katumpi iko murefu, na Mahamudu hakuipita hata siku moja na mbao kichwani. Na ile munaita vichaka, haiko vichaka. Ni miti. Ni sisi wanamuke tuliipanda, kwa kazi. Mukiikata Jumamosi, Jumapili hakuna mutu atajua kama tulikuwako."

Hakungoja nijibu. Alisema Alhamisi asubuhi komite itatembea naye mzunguko mzima, kisha kila mjumbe ataamua kwa macho yake. Hakuuliza kama tunapenda. Akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

Niseme kidogo juu ya huyu mama, maana asiyemjua atadhani ni mgomvi. Ni mgomvi, lakini si hivyo tu. Amezaliwa hapa hapa katika familia ya wakulima, na kwa kadi ya ubatizo ana miaka hamsini na minane. Amezaa sita, wanne wako hai, wawili kati yao wako Kindu na humtumia salamu nyingi. Ni mrefu kuliko wanaume wengi wa hapa, na hutembea shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba kitu ambacho wengine hatukioni. Kwaya ya kanisa inamfuata yeye, si mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya ni mimi, kwa hiyo najua ninachosema. Kitu pekee kinachomshinda ni magoti yake, na huyasema kama mtu anavyosema wakwe: leo yameamka vibaya, leo yametulia, jana yalinisema mbele ya watu.

Nilijua pia kwamba aliwahi kubeba mbao. Kila mtu alijua. Ila ni yale mambo ambayo kila mtu anajua na hakuna anayeyauliza, na mimi, mwalimu mzima, nilipotafuta historia ya mwitu nilikwenda kwa mwanamume mwenye sauti kubwa.

Historia yenyewe ni hii. Kabla ya vita, Katumpi haukuwa kimya. Mfanyabiashara mmoja wa Kasongo alipata ruhusa ya kukata miti ya mvule na libuyu bondeni, karibu na kijito, akaleta wapasuaji. Mashine haikuwepo. Gogo lilisukumwa juu ya kichanja cha miti minene, mtu mmoja akasimama juu yake, mwingine chini, na msumeno ukaenda juu na chini kati yao tangu umande hadi jua la mchana. Mstari wa kufuata ulipigwa kwa uzi uliochovywa kwenye unga mweusi wa betri za redio zilizokufa. Mtu wa juu aliona mstari. Mtu wa chini aliona vumbi la mbao, maana lote lilimshukia usoni. Papa Mahamudu alikuwa mtu wa chini, na mpaka leo akisimulia hufumba jicho moja.

Mbao zikishapasuliwa zilikuwa bondeni, na barabara ya kwenda Kasongo iko huku juu mgongoni mwa kilima. Katikati kuna mwitu. Wanaume walisema shingo zao si za kazi hiyo. Wakaitwa wanawake, wanane, na kwa miaka minane kila ubao uliotoka Katumpi ulitoka juu ya kichwa cha mmoja wao. Madawati ya shule yangu ni ya mbao hizo. Nimefundisha juu yake miaka ishirini bila kujiuliza yalifikaje hapa.

Vita vilipokuja msumeno ukanyamaza, mfanyabiashara akakimbia, mwitu ukajifunga. Miaka miwili iliyopita tuliunda komite. Tulikubaliana mti mkubwa hautakatwa tena Katumpi, na kwamba ile njia ya zamani, ambayo inashuka bondeni upande mmoja na kurudi juu upande mwingine, tutaifungua kwa wanafunzi na kwa wageni wanaopenda kutembea. Papa Mahamudu akajitolea kuonyesha. Wageni wa kwanza walikuwa walimu wenzetu wa Kasongo, walikuja kwa pikipiki tisa wamevaa viatu vizuri.

Siku ile sitaisahau. Tulishuka bondeni polepole kwa njia ndefu, watu wakiimba, kisha Papa Mahamudu akatupandisha kwa njia fupi. Ile njia fupi ni ukuta. Unapanda kwa mikono, unashika mizizi, jiwe moja kubwa limekaa katikati ya kona na huna budi kulikumbatia ndipo upite. Mimi nilikaa chini mara tatu, na mara ya tatu chai yangu ya asubuhi ilitoka. Mwalimu mmoja mwanamke wa Kasongo alisema safari ijayo tualike mbuzi. Kwenye daftari la komite tuliandika "njia ngumu", na Papa Mahamudu akashauri kwamba vile vichaka vikikatwa watu watapata nafasi ya kupumua. Ndipo likazaliwa tangazo langu.

Basi Alhamisi tukakutana barabarani mapema. Ijumaa isingefaa, maana wajumbe wawili huenda msikitini. Mwenyekiti wetu, ambaye hapendi kutembea, aliomba radhi na kusema tutakaloleta yeye atalitia sahihi. Tukawa wajumbe watatu: mimi, Papa Mahamudu, na Binti.

Binti, ndivyo anavyoitwa na wote, ni mwandishi wa komite na mshonaji wa nguo, ana kama miaka ishirini na tisa, na futi yake ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda sokoni. Hana maneno mengi. Mama yake, Asma Yassine, alikuwa wa familia ya wenye maduka wa mjini Kasongo. Alifariki kwa homa mwaka wa tisini na nane, watu walipokuwa wakikimbia, akazikwa kando ya njia na wapita njia ambao hawakuacha alama. Binti alikuwa na miaka mitatu. Shangazi wa Kasongo alimlea vizuri, akamfundisha cherehani aliyohamia nayo hapa Lusangi, na juu ya mama yake alimwambia tu kwamba alikuwa akiuza mbao Lusangi. Picha haipo. Binti aliwahi kuniambia kwamba anakumbuka kitu kimoja tu cha mama yake, pengo la jino la mbele, na hata hilo hajui kama ni la kweli au alilitunga mwenyewe.

Mama Victorine alifika wa mwisho, bila haraka. Kichwani alikuwa na ngata mpya ya majani makavu ya mgomba, na juu ya ngata hapakuwa na kitu. Papa Mahamudu akacheka, akamuuliza mzigo ameusahau wapi. Akajibiwa kwamba uko mbele. Kisha Mama Victorine akapita mbele yetu na kuingia kwa mdomo wa njia fupi, ule wa ukuta.

Nilitaka kukataa. Lakini kushuka kulikuwa kitu kingine. Alitushusha kiubavu, akituonyesha pa kuweka mguu, na mikono yake ilifika kwenye mizizi kabla ya macho yake. Magoti yalimsema kidogo, akayajibu kwa lugha ya kwao. Kabla jasho halijanitoka tulikuwa kijitoni, tumesimama kati ya visiki.

Vingine kati ya visiki vile ni vipana kiasi cha watu wanne kukizunguka kimoja na sahani ya bukari, ugali wetu, wakala bila kugusana. Hapo Papa Mahamudu akawa kijana. Alituonyesha palipokuwa na kichanja, akaingia kwenye kile kishimo alichosimama miaka minane, akafumba jicho lake. Kila kundi la wapasuaji lilikuwa na alama yake ya shoka kwenye kisiki, na alizisoma zote, kisiki kwa kisiki, na majina ya watu waliokufa. Nilimsikiliza kwa heshima. Ule haukuwa uongo, na Mama Victorine naye alitikisa kichwa kukubali kila jina.

Alipomaliza, Mama Victorine akamwomba kwa adabu atuonyeshe mbao zilipitia wapi kufika barabarani. Papa Mahamudu akanyoosha mkono kwenye njia fupi tuliyoishuka. Mama Victorine hakubisha. Alitafuta mti mkavu mwembamba, akaupima kwa miguu yake, mita nne, urefu wa ubao, akaukata ncha kwa panga. Kisha akavua ngata yake, akaiweka kichwani mwangu. Mwalimu ndiye aliyeandika, akasema, basi mwalimu ndiye atabeba.

Nikapanda nao ule ukuta. Hatua ya kumi ncha ya mbele iligonga jiwe la kwenye kona. Nikageuka kushoto, ncha ya nyuma ikamkamata Papa Mahamudu ubavuni. Nikageuka kulia, nikajifunga kati ya miti miwili, na hapo nikabaki, siwezi mbele, siwezi nyuma, mjumbe wa komite na mwalimu wa darasa la sita. Binti aligeuza uso ili asicheke mbele yangu. Papa Mahamudu alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu kuliko jiwe linavyostahili. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka minane alikuwa akisukuma mbao kutoka kwenye kichanja, na hakuwahi kujiuliza zikishatoka zinakwenda vipi.

Tukarudi chini, tukashika njia ndefu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nilielewa kwa shingo, si kwa akili. Njia ndefu inapanda, lakini inapanda kwa upole hata hujui. Inazunguka kilima, na hakuna kona hata moja ambayo mti niliokuwa nimebeba haukuweza kuipita. Mahali pengine inaacha njia iliyonyooka, inakwenda mbali kuzunguka bonde dogo, na ungedhani aliyeikata alikuwa mlevi, mpaka ubebe kitu cha mita nne. Hakuna mhandisi aliyekuja. Wanawake wanane waliitafuta msimu mzima, wakijaribu huku na kule, wakirudi nyuma walipokwama kama mimi. Mama Victorine alinieleza haya akitembea nyuma yangu, na kila tulipokaribia kona alipaza sauti, "Mbao!", kama walivyofanya zamani kumwonya aliye mbele. Baada ya kona ya tatu nami nikaanza kusema mbao.

Kisha shingo ikaanza kuniwaka. Nilivumilia, nikahesabu hatua, nikaona aibu, nikavumilia tena. Mwishowe nikauliza kama naweza kutupa mti chini. Akasema ukiuweka chini hutaunyanyua peke yako, subiri kidogo. Nikasubiri kidogo. Na pale pale, mahali ambapo nisingeweza hatua tano zaidi, palikuwa na miti miwili ya mulumba kandokando ya njia, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, imeachana hatua tatu. Kila mmoja ulikuwa na panda. Kwenye daftari la komite hivyo vilikuwa vichaka.

"Pita kando yake," akasema. "Kunja magoti. Acha mbao ikae. Sasa toka."

Nikakunja magoti. Mti ukakaa kwenye panda mbili, na mimi nikatoka chini yake mwepesi, mikono mitupu. Ulibaki umelala hewani, ukinisubiri. Nilipopumzika akaniambia nirudi chini yake, niweke ngata, ninyooshe magoti. Nikanyoosha, na mzigo ulikuwa kichwani tena bila msaada wa mtu. Nilicheka kwa furaha kabisa, kama mtoto aliyefungua kufuli.

Hapo akatueleza. Mwanzoni waliishiwa nguvu njiani, wakatupa mbao chini, na kila aliyetupa alilazimika kungoja mwenzake wa nyuma amnyanyulie. Wakachimbia nguzo zenye panda, mbilimbili, palipoishia pumzi ya mtu. Jozi kumi na mbili kutoka kijitoni hadi barabarani. Walizikata kwenye mulumba kwa sababu hauliwi haraka na mchwa. Ila mulumba ni ule mti ambao ukichomeka fimbo yake ardhini inachipua. Nguzo zilichipua, nao wakaziacha, zikawapa kivuli. Vita vikapita juu yake. Wabebaji wakatawanyika, wengine wakafa. Miti ikakua juu, ikanenepa, lakini panda haipandi na mti. Inabaki pale pale ulipoiweka.

Papa Mahamudu si mtu wa kushindwa kimya. Alisema, kwa sauti ya komite, kwamba panda huenda zilichimbiwa na watu wake, wapasuaji, kwa kukaushia mbao. Mama Victorine akamwomba asimame kando ya panda ile. Akasimama. Ilimfikia begani.

"Papa," akamuuliza, "mupasuaji gani wa kwenu alikuwa wa kimo hiki?"

Papa Mahamudu alitazama panda, akaitazama ya pili. Alifumba lile jicho lake, kisha akalifumbua.

"Hakuna," akasema. "Miye nilikuwa chini ya gogo. Vumbi iko machoni. Mbao ilikuwa inaondoka, na mi sikujua inapita wapi."

Nilimpenda kwa neno lile. Si wengi wenye sauti kubwa wanaoweza kulisema.

Binti tangu hapo alikuwa ametoa futi yake shingoni. Kazi ya mwandishi ni kuandika, akasema, na akapima. Panda ya kwanza: mita moja na sentimeta arobaini na sita. Ya pili yake: arobaini na saba, kwa sababu ya unene. Tukapanda hadi jozi iliyofuata, mimi na mti wangu kichwani, akapima, arobaini na sita. Iliyofuata, arobaini na sita. Aliandika kila moja kwenye kidaftari chake cha vipimo vya wateja. Kwenye jozi ya tano akasimama, akamtazama Mama Victorine kutoka miguuni hadi kichwani kwa lile jicho la mshonaji, halafu akauliza swali ambalo mimi msomi halikunijia. Mama Victorine ni mrefu. Kwa nini panda ziko chini namna hii?

Mama Victorine alikaa kwenye mzizi, akanyoosha mguu mmoja, akalisugua goti. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akitafuta neno.

"Tulipima kwa mutu mufupi," akasema. "Murefu anaweza kukunja magoti. Mufupi hawezi kujirefusha. Kwa hiyo panda yote kumi na mbili ni kipimo cha mutu mumoja. Miye magoti yangu yaliharibika juu ya ufupi wake, na sijutii."

"Mufupi alikuwa nani?" Binti akauliza.

"Mama yako."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Binti alikuwa ameshika futi kwa mikono miwili na hakuiachia.

Kisha Mama Victorine akasimulia, na sasa maneno yalimjia tele. Asma alikuja Lusangi na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu na hakurudi. Kurudi kwao Kasongo hakutaka. Alikuja kubeba mbao kwa siku moja, akabeba miaka saba. Alikuwa mfupi, mwenye maneno, na aliyapanga mambo ya wale wanawake wote. Mwanzoni wote walikwenda na kurudi kwa njia hii moja ndefu. Siku moja Asma akiwa anateremka mikono mitupu, Victorine akiwa anapanda na ubao, wakakutana kwenye kona. Victorine akageuka, ncha ya ubao ikageuka naye, ikamkuta Asma mdomoni. Jino la mbele likaenda. Victorine alitupa ubao na kulia kuliko aliyeumia. Asma akasukutua mdomo kijitoni, akatema, akasema kuanzia leo mwenye mikono mitupu atashukia kule kwenye mawe, na mtu mwenye mzigo atapandia huku, na hakuna kukutana tena. Ndivyo njia ya Katumpi ilivyokuwa mzunguko. Papa Mahamudu alitupitisha kinyume, akitanguliza mkia.

"Pengo," Binti akasema polepole. "Ilikuwa hapa?" Akagusa jino lake la juu, upande wa kushoto.

"Pale pale. Ni miye nililitoa. Na weye, hii njia si mara yako ya kwanza. Ulipita hapa mugongoni mwake. Ulikuwa unalala chini ya mbao, jua lisikuguse."

Binti alifunga kidaftari. Alikwenda kusimama katikati ya ile miti miwili, chini ya ule mti wangu mkavu uliokuwa umelazwa kwenye panda. Yeye si mrefu, lakini ule mti ulimfikia kwenye paji la uso. Alibaki akiutazama kwa karibu sana, kama anavyotazama mshono. Kisha akakunja magoti, kidogo, kidogo tena, mpaka utosi wake ukagusa. Akatulia hapo, macho wazi, kwenye kimo cha mama yake.

"Alikuwa mufupi hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo," Mama Victorine akasema. Aliinuka, akaokota ngata niliyokuwa nimeitupa kwenye majani, akaikung'uta na kumwekea kichwani, akaisawazisha kwa viganja viwili. "Sasa simama."

Binti akanyoosha magoti. Mti wa mita nne ukainuka kutoka kwenye panda na kukaa juu yake bila kuyumba. Papa Mahamudu aliniwahi kufuta macho. Alisema ni vumbi. Binti hakugeuka kututazama. Alitangulia, shingo imenyooka, na kwenye kona ya kwanza tulisikia sauti yake, ambayo kwa kawaida haivuki meza ya cherehani, ikisema mbao. Akabeba mpaka barabarani, akipumzika kwenye kila jozi, zote saba zilizobaki. Hakukubali apokewe.

Ijumaa nilibandua karatasi yangu. Jumamosi salongo ilifanyika kama ilivyotangazwa, ila mwenye kuelekeza mapanga alikuwa Papa Mahamudu, na alisimama kwenye kila jozi ya mulumba kabla watu hawajafika, akisafisha mizizi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kijana mmoja aliuliza kwa nini miti hiyo isikatwe, imesogea mno njiani. Akaambiwa akapasue mbao miaka minane kwanza halafu arudi kuuliza. Tulihesabu kumi na mbili, hakuna iliyopotea. Mwezi uliofuata walimu wa Kasongo walirudi, tukawashusha kwa mawe na kuwapandisha kwa mulumba. Yule wa mbuzi alifika barabarani akiwa bado anazungumza, na kwenye daftari la komite tumefuta neno "ngumu".

Lakini hiyo ni baadaye. Jumamosi ile ile jioni, jua likiwa bado juu ya paa la shule, nilipeleka tangazo jipya nyumbani kwa Mama Victorine kabla ya kulibandika, maana nimejifunza. Ana viti viwili uani. Alikuwa amesimama akimenya mihogo, akaniambia nisome. Nikasoma: "Njia ya mzunguko ya mwitu wa Katumpi ilitafutwa na kukatwa na wanawake wanane waliobeba mbao. Inashukiwa kwa njia fupi na kupandwa kwa njia ndefu. Mapumziko yake kumi na mawili yamepimwa kwa Asma Yassine, mfupi wao."

Akaomba nirudie. Nikarudia, na safari hii sauti haikunipungua. Mama Victorine aliweka kisu juu ya mihogo, akavuta kiti, akakikalia.